Haki na Wajibu Wako Unapopanga, Kununua au Kuuza Nyumba Marekani

Familia ya watu wanane iliyotoka kambi ya Nyarugusu au Nakivale na kupokelewa Louisville, Dallas au Des Moines hukutana na suala la nyumba mara mbili. Mara ya kwanza nyumba hutafutwa na shirika linalopokea wakimbizi. Mara ya pili, mwaka mmoja au miwili baadaye, familia yenyewe ndiyo inayopaswa kupiga simu, kujaza fomu, kulipa dhamana na kusaini mkataba, bila mtu wa kuishika mkono. Mwongozo huu unahusu mara hiyo ya pili na hatua zinazoifuata, hadi siku ambayo mpangaji wa jana ananunua nyumba yake na kuwa na vyumba vya kupangisha wengine.

Sheria kuu ni ile ambayo Wamarekani huiita Fair Housing Act, yaani sheria ya haki katika makazi. Rais Lyndon B. Johnson aliitia saini tarehe 11 Aprili 1968, siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa mjini Memphis. Miaka miwili kabla ya hapo King alikuwa ameongoza maandamano mjini Chicago kudai kwamba mtu mweusi aruhusiwe kupanga na kununua nyumba katika mtaa wowote, na mwezi Agosti 1966 alipigwa jiwe kichwani akiwa katika maandamano hayo. Ninaanza na historia hii kwa sababu wapo wenzetu wanaoamini kuwa sheria za hapa ni za wenyeji, na kwamba mgeni aliyefika juzi hana budi kushukuru kwa chochote anachopewa. Sheria hii inazungumza juu ya mtu yeyote. Haikuweka sharti la uraia, wala la miaka uliyokaa nchini, wala la ufasaha wa Kiingereza.

Misingi ambayo haiwezi kutumiwa kumnyima mtu nyumba, au kumpa masharti magumu kuliko wenzake, ni saba. Mbari, rangi ya ngozi, dini na asili ya kitaifa zimo tangu 1968. Jinsia iliongezwa mwaka 1974. Ulemavu na kuwa na watoto viliongezwa kwa marekebisho ya 1988. Asili ya kitaifa hapa ina maana ya nchi au jamii uliyotoka wewe au wazazi wako, na ndiyo inayomlinda mtu anayekataliwa kwa ajili ya jina au lafudhi yake. Majimbo na miji mingi imeongeza misingi mingine juu ya hiyo: California na New York, kwa mfano, zinamkataza mwenye nyumba kumkataa mtu kwa kuwa tu sehemu ya kodi italipwa kwa vocha ya serikali, jambo ambalo sheria ya taifa zima haikulitaja. Ndiyo maana inafaa kuuliza pia sheria za jimbo unaloishi.

Ni muhimu kuelewa mpaka wa ulinzi huu. Mwenye nyumba hajalazimishwa kumpokea kila anayebisha hodi. Anaweza kukataa kwa sababu kipato hakitoshi, kwa sababu mwombaji aliwahi kuacha madeni katika nyumba aliyohama, au kwa sababu nyumba imeshachukuliwa kweli. Asichoruhusiwa ni kuwa kama muuza nafaka mwenye pishi mbili chini ya meza, moja ya huyu na nyingine ya yule. Akitaka kila mwombaji aonyeshe hati za malipo ya mshahara ya miezi miwili, nawe onyesha za miezi miwili. Akikutaka wewe peke yako uonyeshe za miezi sita na ulipe dhamana mara mbili, hapo kuna swali. Vivyo hivyo kwa hati za uhamiaji: akiziomba kwa waombaji wote, ni utaratibu wake, akiziomba kwa mwenye hijabu na mwenye lafudhi tu, amevuka mpaka.

Unapotafuta nyumba

Ubaguzi unaowapata wengi wetu huja kwa sauti ya upole, na kwa hiyo mtu huweza kuondoka akiwa amemshukuru aliyemdanganya. Tuseme mama anapiga simu asubuhi kuulizia fleti ya vyumba vitatu iliyotangazwa kwenye kibao mbele ya jengo. Anaambiwa kwa upole kwamba imechukuliwa. Mchana anapita hapo kwa basi na kibao bado kipo. Jioni anamwomba binti wa jirani, aliyezaliwa hapahapa, apige namba ileile na kuulizia fleti ileile, naye binti anakaribishwa kuja kuiona kesho. Mama huyo hajatukanwa, lakini sheria inakataza waziwazi kumwambia mtu kwamba nyumba haipo, kwa sababu ya mmojawapo wa misingi ile saba, ilhali ipo. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka kando ya mji wa Richmond, Virginia, kwamba mwanamke mweusi aliyedanganywa hivyo alikuwa na haki ya kushtaki hata kama alikuwa ametumwa tu kupima iwapo wapangishaji wanabagua, na hakuwa na nia ya kupanga. Kudanganywa kwenyewe kulihesabiwa kuwa dhara.

Kilicho muhimu kwa mama yule ni kwamba siku hiyohiyo aandike yaliyotokea, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka saa wala maneno. Tenga daftari moja kwa ajili ya nyumba tu. Kwa kila simu na kila ziara andika tarehe, saa, anwani, kodi uliyotajiwa, jina la uliyezungumza naye, na maneno aliyosema, kwa lugha yoyote unayoiandika vizuri. Andika saa kwa hesabu ya Kimarekani: saa nne asubuhi ya kwetu iandikwe 10:00 a.m., kwani afisa atakayesoma tafsiri yake na kukuta saa 4 atadhani ni alfajiri au alasiri, na simu uliyopiga haitalingana na rekodi za kampuni ya simu. Mwezi nao uandike kwa jina, maana hapa 4/11 ni Aprili, wala si Novemba. Piga picha ya tangazo. Hifadhi ujumbe wa simu na bahasha zenye mihuri ya posta.

Fomu ya maombi ijaze kwa ukweli wote. Taja kila mtu atakayeishi humo, hata kama unahofu kwamba idadi itakuponza, kwa sababu uongo kwenye fomu humpa mwenye nyumba sababu halali ya kukukataa au kukutoa baadaye. Lipa kwa hundi au kwa njia inayoacha kumbukumbu, na kila malipo yawe na risiti. Ukikataliwa kwa sababu ya taarifa ya mikopo au ya uchunguzi wa historia yako, una haki ya kuarifiwa hivyo na kupewa jina la kampuni iliyotoa taarifa, na ndani ya siku 60 unaweza kuomba nakala bila malipo ili urekebishe makosa. Majina yetu huchanganywa mara nyingi: jina la baba huwekwa mahali pa jina la ukoo, au watu wawili waliozaliwa 1 Januari kwenye hati za kambi hugeuzwa kuwa mmoja.

Nina ombi moja kwa wazazi. Msimtume mtoto wa miaka kumi na miwili kuwa mkalimani wa mkataba wa pango. Ni mzigo usiomfaa, na maneno ya mkataba huwatatiza hata watu wazima waliokulia hapa. Omba siku moja ya kuupeleka mkataba kwa mkalimani au kwenye ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya kusaini, na mwenye nyumba anayekataa hata siku moja atakuwa amekuonyesha namna mtakavyoishi naye.

Familia yenye watoto wengi

Hili ndilo linalowagusa wengi wetu. Kuwa na watoto walio chini ya miaka 18, kuwa mjamzito, au kumlea mtoto wa ndugu kwa idhini ya maandishi ya mzazi wake, yote haya yanalindwa. Mwenye nyumba haruhusiwi kutangaza kwamba hataki watoto, wala kuziweka familia zote zenye watoto katika jengo la nyuma, wala kukunyima ghorofa ya tatu kwa kisingizio cha kuwahurumia watoto wasianguke. Uamuzi kuhusu hatari hiyo ni wa mzazi. Majengo ya wazee ndiyo yaliyoruhusiwa kukataa watoto, na hayo yana masharti yake: ama wakazi wote wawe na miaka 62 au zaidi, ama angalau asilimia 80 ya nyumba zenye wakazi ziwe na mtu mwenye miaka 55 au zaidi.

Hata hivyo mwenye nyumba anaweza kuweka kikomo cha haki cha idadi ya watu. Kwa muda mrefu maofisa wa serikali wamechukulia watu wawili kwa kila chumba cha kulala kuwa kikomo cha kawaida, lakini huangaliwa pia ukubwa wa vyumba, umri wa watoto na mpangilio wa nyumba; mtoto mchanga anayelala kwenye kitanda chake kidogo kando ya wazazi hahesabiwi kwa namna moja na kijana wa miaka kumi na saba. Kikomo kinachohesabu watoto peke yao, kwa mfano watoto wawili tu hata kama nyumba ina vyumba vinne, kinatia shaka mara moja.

Upande wa wajibu, mkataba hutaja waliosajiliwa kuishi humo na siku ambazo mgeni anaweza kukaa. Kwetu tulilelewa na methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini ndugu anapofika kutoka Kigoma au Bujumbura hakuna anayempa jembe, hukaa miezi. Mwenye nyumba akigundua, hana haja ya kubagua ili akupe notisi, kwa kuwa umevunja kifungu ulichosaini. Mwandikie mapema, omba mgeni aongezwe kwenye mkataba kwa muda huo, na uhifadhi jibu lake.

Ulemavu, na heshima ya mwili

Mpangaji mwenye ulemavu ana haki ya kuomba kanuni ilegezwe pale inapobidi ili aweze kuishi humo kama wengine. Kipofu mwenye mbwa wa kumwongoza anaweza kuishi katika jengo lisiloruhusu wanyama, na asiyeweza kutembea mbali anaweza kuomba nafasi ya gari karibu na mlango. Anaweza pia kuomba ruhusa ya kubadilisha jengo, kama kuweka vishikio bafuni au njia ya mteremko mlangoni, ingawa katika nyumba za watu binafsi gharama kwa kawaida ni yake. Omba kwa maandishi, na ueleze uhusiano kati ya ulemavu na unachokiomba. Huna wajibu wa kusimulia ugonjwa wote.

Jambo la pili husemwa kwa kunong'ona, nami naona linastahili kusemwa kwa sauti. Mwenye nyumba, msimamizi au fundi anayemtaka mwanamke kimapenzi ili amvumilie deni la kodi, amfanyie matengenezo au asimpe notisi, anatenda ubaguzi wa kijinsia chini ya sheria hiihii. Deni la kodi halimpi mtu haki hiyo, na mwanamke anayedaiwa anaweza kulalamika sawasawa na asiyedaiwa. Dada zetu wengi wanaolea watoto peke yao hunyamaza kwa hofu ya kukosa pa kulala. Ujumbe wa simu usifutwe, hata ule unaokuaibisha kuusoma, kwa sababu ndio ushahidi.

Unaponunua

Benki na mawakala wa nyumba wanabanwa na sheria ileile. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani na kupaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopo, na mitaa ya watu weusi ilipakwa nyekundu karibu kila mahali. Mitaa mingi ambayo wageni hupata nyumba za bei nafuu leo ni ileile.

Wakala asikuchagulie mtaa kwa kuangalia sura yako. Akikuambia kwamba ungefurahi zaidi upande ule kwa sababu watu wenu wako huko, huenda anasema kwa nia njema, lakini sheria inakataza kumwelekeza mnunuzi kwa misingi hiyo. Mjibu kwa kutaja vigezo vyako: bei ya mwisho, idadi ya vyumba, umbali hadi kazini, shule, msikiti au kanisa, kisha mwombe akuonyeshe kila nyumba iliyo sokoni inayolingana na vigezo hivyo. Wewe una uhuru wa kuchagua kuishi karibu na jamaa zako. Yeye hana uhuru wa kukuamulia.

Kwa mkopo, omba kwa wakopeshaji watatu kabla ya kuchagua, na ulinganishe riba pamoja na ada zote kwa maandishi. Ukishakamilisha maombi, mkopeshaji anatakiwa kukujulisha uamuzi ndani ya siku 30, na akikukatalia una haki ya kupewa sababu mahususi. Sheria ya usawa katika mikopo ya mwaka 1974 inamkataza pia kukukatalia kwa sababu sehemu ya kipato chako ni msaada wa umma. Ripoti ya mthamini aliyekadiria thamani ya nyumba ni haki yako kupewa nakala. Isome uone nyumba ililinganishwa na nyumba zipi na za mitaa ipi, kwa sababu kushusha thamani kwa ajili ya rangi ya wakazi nako ni ubaguzi.

Katika hati za zamani unaweza kukuta kifungu kinachosema nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi. Usiogope na usiahirishe ununuzi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutekeleza vifungu vya namna hiyo, na sheria ya 1968 inavipiga marufuku.

Unapouza au kupangisha

Hapa naandika kwa mkazo zaidi, kwa kuwa sisi wenyewe tumeanza kushika funguo. Mtu ananunua nyumba yenye fleti mbili, anakaa chini na kupangisha juu, kisha anaandika kwenye kundi la WhatsApp: natafuta mpangaji, awe Mkongo mwenzetu, au, awe Muislamu, asiye na watoto. Anaona ni udugu. Kwa sheria ya hapa, tangazo hilo ni kosa, liwe kwa Kiingereza, kwa Kiswahili au kwa Kirundi.

Ni kweli kuna misamaha. Anayeishi katika jengo lenye nyumba zisizozidi nne na kupangisha zilizobaki, na mwenye nyumba ya familia moja anayeiuza au kuipangisha mwenyewe bila wakala akiwa hamiliki zaidi ya tatu, hawabanwi na sehemu kubwa ya sheria ya 1968. Lakini marufuku ya matangazo ya kibaguzi inawabana hata hao. Kwa suala la mbari, sheria nyingine ya mwaka 1866 haina msamaha wowote, na majimbo mengi yamepunguza au kufuta misamaha hiyo. Anayetafuta mtu wa kushirikiana naye jiko na bafu ana uhuru wa kutaja kama anataka mwanamke au mwanamume. Zaidi ya hapo, tangazo lieleze nyumba lisieleze mtu: vyumba viwili, kodi kiasi fulani, kituo cha basi karibu, tarehe ya kuhamia.

Andika vigezo vyako kabla ya kupokea simu ya kwanza, uvitumie kwa kila mwombaji kwa mpangilio wa kufika kwao, na hifadhi fomu za uliowakataa pamoja na sababu. Unapouza, usimwambie wakala ni watu gani usiotaka wanunue. Akikubali agizo hilo mmekosa wote wawili. Chagua kwa bei, malipo ya awali na uhakika wa mkopo. Barua za wanunuzi zenye picha ya familia ni bora zisifunguliwe, kwa kuwa zinakuonyesha mambo yaleyale ambayo hutakiwi kuyatumia kuamua. Mnunuzi akiishinda bei yako uliyopanga, na mwingine akaja kutoka kanisani kwenu na bei ndogo, jiulize ungemjibuje wa kwanza kama angekuuliza sababu mbele ya hakimu.

Ukitendewa ubaguzi

Malalamiko hupelekwa kwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, inayojulikana kama HUD, ndani ya mwaka mmoja tangu tendo la mwisho la ubaguzi. Hakuna ada. Unaweza kutumia tovuti yao, barua, au simu 1-800-669-9777. HUD huweza kulikabidhi shauri kwa ofisi ya haki za kiraia ya jimbo au mji wako. Anayelalamikiwa hujulishwa, pande zote huhojiwa, na upatanishi hujaribiwa. Sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 100 inapowezekana. Kwenda mahakamani moja kwa moja kuna kikomo cha miaka miwili, na muda ambao shauri liko HUD hauhesabiwi humo. Ni kosa la peke yake kwa mwenye nyumba kukutisha, kukupandishia kodi au kukupa notisi kwa sababu ulilalamika au ulimtolea jirani ushahidi.

Wakati shauri linaendelea, endelea kulipa kodi kwa tarehe yake. Usizuie malipo kwa hasira kabla ya kuongea na wakili, kwa maana kutolipa kutampa mwenye nyumba kesi rahisi dhidi yako huku yako ikiwa bado mezani. Ukihama, acha anwani mpya kwa mwenye nyumba kwa maandishi ili dhamana irudishwe, na umpe mpelelezi anwani hiyo na namba mpya ya simu siku hiyohiyo. Simu ya kwanza ikipigwa, daftari liwe mkononi. Omba namba ya shauri, uiandike juu ya ukurasa wa kwanza, na uitaje kila unapopiga tena.